Wamarekani wasio na lafudhi

Kazi yangu ni kusikiliza watu nisiowaona. Mimi ni mkalimani wa simu, Kiswahili na Kiingereza. Naishi Columbus, Ohio, na ofisi yangu ni chumba kidogo kilichokuwa stoo: meza, kompyuta, na spika za masikioni ambazo sponji yake ya kulia imechanika. Simu inalia, nataja namba yangu ya ukalimani, na tangu hapo naweza kujikuta kliniki ya Lexington, Kentucky, shule ya msingi ya Boise, Idaho, mahakama ndogo ya Texas au wodi ya wazazi ya Portland, Maine. Upande mmoja kuna Mmarekani. Upande wa pili mara nyingi kuna Mkongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au ya Kyangwali, Uganda. Siri za watu hazitoki humu chumbani, kwa hiyo anayetafuta visa vya wagonjwa hatavipata hapa. Ninachoruhusiwa kukizungumzia ni sauti.

Mfumo wetu haunionyeshi simu imetoka jimbo gani. Unanionyesha lugha inayotakiwa na dakika zinavyohesabika, basi. Kwa hiyo nimejizoesha mchezo wa kukisia mahali kabla mpigaji hajapataja. Nesi akitamka "five" ikatoka "faav", namweka Kusini au kwenye milima ya Appalachia. Karani akitamka "boat" kwa o iliyonyooka, isiyopinda mwishoni, o kabisa ya kwetu, namweka Minnesota au Dakota Kaskazini. "Car" ikiwa "kaa", huyo ni wa Boston au juu yake kidogo, Maine. "Downtown" ikitoka "dantaan" ni Pittsburgh. Maji yakiwa "wuder" ni Philadelphia, mji ulio jimbo hilohilo la Pittsburgh lakini masikioni mwangu ni nchi nyingine. Chicago, Detroit, Cleveland na Buffalo ndiko kwenye mtego mkubwa, maana huko "block" hukaribia sana "black". Mwanaisimu William Labov aliwahi kuwasikilizisha watu wa miji mingine neno hilo lililotamkwa na mtu wa Chicago, bila sentensi ya kulizunguka, na wengi wakasikia rangi badala ya mtaa.

Wenzangu waliozaliwa na Kiingereza hawazisikii tofauti hizi haraka hivyo. Sisi tuna faida ya irabu tano zisizotikisika: a ni a asubuhi na jioni, mjini na shamba. Irabu ya mtu ikisogea hata kidogo, tunaiona inavyoondoka.

Na mchezo wenyewe husaidia kazi. Kusini "pin" na "pen" hutamkwa sawasawa, zote "pin". Ndiyo maana mtu wa Tennessee akitaka kalamu husema "ink pen", asije akaletewa pini. Sasa fikiria nesi anamfundisha mama mtu mzima kutumia kalamu ya insulini. Kalamu hiyo ina kisindano cha kufungia kwa mbele. Kisindano hutupwa kila baada ya kuchoma, kalamu yenyewe hutumika siku nyingi. Nesi anasema, ukimaliza tupa "pin". Ipi? Hapo nasimamisha mazungumzo kwa namna tuliyofundishwa, kwa kujitaja kana kwamba mimi ni mtu mwingine: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Nesi anacheka. "The needle, hon." Tunaendelea. Nikisikia irabu ya Kusini mwanzoni mwa simu, najua nitakaa macho kwenye kalamu, kwenye "ten" ya namba kumi, na kwenye majina kama Ben na Jenny.

Ramani kubwa ya lafudhi za Amerika Kaskazini, aliyoitoa Labov mwaka 2006 pamoja na Sharon Ash na Charles Boberg, ilitengenezwa hivihivi, kwa simu. Walipiga simu mji baada ya mji, wakarekodi mamia ya watu, wakapima irabu zao kwa kompyuta. Niliposoma hayo nilikaa wima kwenye kiti changu cha stoo. Kumbe nami ni mtu wa taaluma.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyestaafu ualimu, mzaliwa wa hapahapa, anaamini kwamba Columbus hakuna lafudhi. Lafudhi wanazo watu wa Kentucky, ng'ambo ya Mto Ohio. Wanazo watu wa New York. Ninayo mimi, tena nzuri, huniambia. Wao wanaongea kawaida, kama kwenye taarifa ya habari. Siku hiyohiyo aliyonieleza haya aliligeukia gari lake lililofunikwa na chavua akasema, "That car needs washed." Wamarekani walio wengi wangesema "needs to be washed". Muundo huo wa jirani yangu unaanzia Pittsburgh, unapita Ohio, unaingia Indiana, na wanaisimu huuhusisha na walowezi waliotoka Scotland na kaskazini mwa Ireland. Sikumwambia. Tunaazimana ngazi na mashine ya kukatia majani, sitaki ugomvi.

Imani yake ina historia. John Kenyon, mzaliwa wa Medina, Ohio, aliyekuwa akifundisha Hiram College kaskazini-mashariki mwa jimbo hili, alitoa kamusi ya matamshi ya Kimarekani mwaka 1944 akiwa na Thomas Knott. Matamshi ya aina ya kwao ndiyo ambayo watangazaji wa redio, na baadaye televisheni, walikuja kuyashika kama kipimo. Kinachonichekesha ni kwamba Cleveland, ambao hauko mbali na Hiram, ni mmoja wa miji ile ambayo irabu zake zilikuja kuhama hadi "block" ikafika ilikofika. Kipimo kilibaki, waliotoa kipimo wakaondoka.

Kwa kizazi cha babu zake bibi huyu mambo yalikuwa vingine kabisa. Mtu mkubwa wa pwani ya mashariki hakutamka r mwishoni mwa silabi. Sikiliza hotuba ya Rais Franklin Roosevelt ya kuapishwa mwaka 1933, pale anapoutaja woga: "fear" inatoka "fia", r haipo, na hakuna aliyemwona mshamba. Alikuwa mtoto wa matajiri wa bonde la Hudson, amesoma Harvard. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizani ikageuka. Mwaka 1962, Labov akiwa bado mwanafunzi, aliingia maduka matatu ya New York: Saks ya wenye fedha, Macy's ya watu wa kati, na S. Klein ya wanaobana matumizi. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alishajua iko ghorofa ya 4, ili wamjibu "fourth floor", maneno mawili, kila moja na r yake. Kisha akajifanya hakusikia vizuri, ili warudie kwa uangalifu. Saks, asilimia 62 ya wauzaji walitamka r zote au baadhi yake. Macy's, 51. Klein, 20. Na wale wa Macy's walipoombwa warudie, r ziliongezeka waziwazi.

Wauzaji wa Saks hawakuwa matajiri. Walikuwa wanasimama mchana kutwa kama wenzao wa Klein na jioni wanapanda treni ileile. Wameazima mdomo wa wateja wao, basi. Nami hapo ndipo huwa nakaa nikafikiri, kwa sababu ndani ya umri wa mtu mmoja r ilitoka kuwa alama ya mtu asiye wa mjini ikawa alama ya mtu wa Saks. Ulimi ulikuwa ukifanya kazi ileile. Waliobadilika ni watu waliokuwa wakiitamka, na wale waliotaka kufanana nao. Tangu niyaelewe haya, mtu akiniambia lafudhi fulani ni mbaya namuuliza kimoyomoyo: mbaya tangu lini, na ya nani?

Maana ngazi ipo, na kila anayekuja Marekani anaikariri haraka kuliko wimbo wa taifa. Chini kabisa wamewekwa watu wa Kusini na wa milimani. Mwanaisimu Dennis Preston aliwapa watu wa kusini mwa Michigan majimbo yote 50 wayapange kwa usahihi wa Kiingereza chake. Wakaiweka Michigan kileleni, bila aibu yoyote, na Alabama na majirani zake mkiani. Watu wa Alabama nao alipowaomba wapime uzuri wa maongezi, jinsi yanavyopendeza kuyasikiliza, walijipa wenyewe alama za juu. Wakubwa wanajua kugawana: nyie chukueni akili, sisi tutachukua utu.

Watoto hawazaliwi na mgawanyo huo. Katherine Kinzler na Jasmine DeJesus walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watoto wa Illinois na wa Tennessee waliosikilizishwa sauti za Kaskazini na za Kusini. Watoto wa Tennessee wa miaka 5 na 6 hawakuona tofauti ya maana. Kwao sauti zote zilikuwa sauti tu. Wale wa miaka 9 na 10, wa Tennessee kwa wa Illinois, walisema kitu kimoja: wa Kaskazini ndio wenye akili na ndio wakubwa wa kazi, wa Kusini ndio wapole. Hiyo ina maana kwamba mtoto wa Tennessee anaingia darasa la kwanza hana habari, akifika la nne ameshajua kuwa mdomo wa bibi yake si wa kuongoza watu.

Akishakua anakutana nayo kazini. Oak Ridge, Tennessee, ndiko iliko maabara ya taifa iliyozaliwa na mradi wa bomu la atomiki. Mwaka 2014 maabara hiyo iliwatangazia wafanyakazi wake darasa la kupunguza lafudhi ya Kusini. Hebu fikiria: uko kwenu, Tennessee, unashughulika na sayansi ya nyuklia, halafu barua pepe inakualika ujifunze kutoongea kama mama yako. Watu wakaja juu, darasa likafutwa.

Mimi nina upendeleo wangu na siufichi. Nikipangiwa zamu ndefu nataka manesi wa Kusini. Wanavuta irabu zao, wanaacha nafasi, wanamwita mgonjwa "ma'am" hata kama mgonjwa amevaa kandambili na hana kadi ya bima. Wakongo wanaona hilo. Kuna mama aliniuliza katikati ya simu, "Mama, huyu muzungu ni wa wapi? Anaongea na heshima." Ilibidi nimkalimanie nesi swali hilo kama lilivyo, ndiyo sheria ya kazi. Nesi akasema anatoka Alabama, kisha akaomba radhi kwa jinsi anavyoongea. Sikuelewa anaomba radhi kwa nani. Sisi wawili tulikuwa tunamsifu.

Wanaochosha ni wale wanaoamini hawana lafudhi. Wanaongea mbio kwa sababu hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote, "samahani, sikukupata."

Sikio nalo si la kuaminiwa sana. Nancy Niedzielski alifanya jambo dogo la ujanja huko Detroit, likachapishwa mwaka 1999. Aliwapa wakazi wa Detroit sauti ya mtu, akawaomba wachague, kati ya irabu zilizotengenezwa kwa kompyuta, ile inayolingana na ya msemaji. Nusu yao karatasi zao zilisema msemaji ni wa Kanada. Nusu zilisema ni wa Michigan. Sauti ilikuwa moja, ya mtu wa Detroit. Walioambiwa Kanada walisikia irabu za Kikanada, zile za "about" na "house" zilizopandishwa. Walioambiwa Michigan walisikia irabu za kamusi, ambazo msemaji wala hakuwa ametamka. Kwa hiyo bibi jirani yangu hanidanganyi. Anasikia kweli taarifa ya habari inatoka kinywani mwake.

Hili mimi nimeliona kwa mwili wangu. Kwa muda mrefu nilifanya simu tupu, na madaktari walizoea kumaliza kwa "you're very clear, thank you". Kisha hospitali moja ikaanza kututumia kwa video, kwa kile kishikwambi wanachokisukuma kwenye nguzo yenye magurudumu hadi kando ya kitanda. Sasa wananiona: mwanamke mweusi, kitambaa kichwani. Kiingereza changu ni kilekile, maikrofoni ni ileile, hata salamu ya kufungulia ni ileile niliyoikariri. Lakini sauti zao zilipanda. Wakaanza kunitamkia neno moja moja, mdomo umefunguliwa kama kwa daktari wa meno. "Can you say that again?" ikawa ya kila siku, na kwa sentensi ambazo kwenye simu hakuna aliyewahi kuzirudisha. Siku nyingine kamera ilikataa kufanya kazi, tukaendelea na sauti peke yake, nikawa "very clear" tena.

Nilipokuja kusoma juu ya jaribio la Donald Rubin la mwaka 1992 nilicheka peke yangu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Georgia walisikilizishwa mhadhara mfupi uliorekodiwa na mwanamke mmoja. Wengine waliwekewa picha ya mwanamke Mzungu, wengine picha ya mwanamke wa Kiasia, ndiye msemaji huyu. Waliowekewa ya Kiasia hawakuelewa vizuri kama wenzao, na walipojaribiwa walikumbuka machache. Na aliyerekodi ni nani? Mwanamke aliyekulia katikati ya Ohio. Huku kwetu Columbus, kwa watu wasio na lafudhi.

Kuna Kiingereza kimoja ambacho hakikai kwenye ramani ya majimbo, na ndicho kinachowagharimu wenyewe zaidi. Kiingereza cha Wamarekani Weusi kinasikika Oakland na kinasikika Philadelphia, kina tofauti zake za mji kwa mji, ila mwenye nyumba wa Kizungu hasubiri tofauti hizo. John Baugh, mwanaisimu aliyekulia Philadelphia na Los Angeles, anaweza kuongea kwa namna tatu: ya watu Weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na ya taarifa ya habari. Miaka ya 1990 alipiga simu kwa wenye nyumba za kupanga kuzunguka ghuba ya San Francisco, sentensi moja kwa sauti tatu, kwamba anaulizia nyumba waliyotangaza gazetini. Woodside, mji wa matajiri, sauti ya taarifa ya habari ilipata miadi ya kwenda kuiona nyumba kwa asilimia 70. Sauti ya Mmarekani Mweusi, 29. Ya Mmeksiko, 22. Ni mtu mmoja, koo moja. Utafiti huo, aliouchapisha mwaka 1999 na Thomas Purnell na William Idsardi, ulionyesha pia kwamba neno "hello" peke yake linatosha kwa wasikilizaji walio wengi kumtambua mtu ni wa kundi gani. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilikuwepo tangu 1968. Lakini utamshtaki vipi mtu aliyesema tu kwamba nyumba imeshachukuliwa?

Mahakamani ndiko kunakonikera kitaaluma. Mwaka 2013, kwenye kesi ya kuuawa kwa Trayvon Martin, kijana Mweusi wa miaka 17, huko Florida, shahidi muhimu alikuwa binti wa miaka 19 aliyekuwa akiongea naye kwa simu dakika zake za mwisho. Alikaa kizimbani karibu saa 6, kwa siku mbili. Alikuwa na lugha zaidi ya moja, mama yake ni wa Haiti. Akakatizwa mara kwa mara arudie, na mmoja wa wazee wa baraza baadaye alisema alikuwa mgumu kueleweka na haaminiki. Wanaisimu John Rickford na Sharese King waliuchambua ushahidi wake neno kwa neno mwaka 2016 na kuonyesha kuwa alifuata sarufi yenye kanuni kamili. Waliopaswa kuisikia hawakuwa na masikio yake.

Halafu Philadelphia. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Taylor Jones na wenzake, waliowapima wanukuzi wa mahakama wa mji huo, wale wanaoandika kila kinachosemwa, ambao hutakiwa kunukuu kwa usahihi wa asilimia 95. Walipewa sentensi za Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Karibu sentensi mbili kati ya tano zilitoka na kosa, nyingine zikiwa zimebadilika maana. Hao ndio wanaoandika maneno ambayo jaji wa rufaa atayasoma miaka kumi baadaye. Mimi kabla ya kuruhusiwa kukalimani mahakamani nilifanya mtihani wa maandishi, wa mdomo, na semina ya maadili. Ni sawa kabisa, Kiswahili ni lugha ya kigeni. Ila mtu aliyezaliwa mitaa 20 kutoka mahakamani hapo anachukuliwa kuwa anaongea lugha ya mahakama, kwa hiyo akieleweka vibaya kosa ni lake.

Mswahili, nadhani, hapaswi kupata taabu kubwa hapo. Wamarekani wengi wakisikia "he be working" wanaona kitenzi kilichovunjika. Sikiliza vizuri. "He working" ni anafanya kazi, sasa hivi. "He be working" ni hufanya kazi, ndiyo kawaida yake. Ni ile hu- yetu, ambayo Kiingereza cha shuleni hakina kiambishi chake na mara nyingi huizunguka kwa "usually".

Badala ya kuitambua, tunafanya nini? Nimekaa kwenye sherehe za Waafrika hapa Columbus, pilau liko mezani, mtoto anasema jambo kwa mdomo alioupata shuleni, na mzazi anamkemea mbele ya watu: "Usiongee kama wale." Wale ni akina nani, kila aliyeshika sahani anajua. Tumefika juzi, hatuna hata miaka ya kutosha kuomba uraia, lakini ngazi ya nani aongee vipi tumeshaipanda na tunawatazama wengine chini. Mzazi huyohuyo atanipigia Jumatatu analalamika kwamba bosi wake anamwigiza lafudhi.

Watoto wenyewe hawatusikilizi, na hiyo ndiyo furaha. Wakongo wengi walipelekwa Kentucky, Louisville na Lexington na Bowling Green, na watoto wao wamekua na irabu za huko. Kwenye simu namsikia mtoto wa miaka kumi akimsaidia nesi kabla sijaunganishwa: "She don't eat much at naat." Kisha anamgeukia mama yake kwa Kiswahili cha Fizi, mashariki mwa Kongo, safi, na katikati anachomeka "y'all", ile "ninyi nyote" ya Kusini: "Y'all munataka kahawa?" Hapo Georgia, watafiti wa vyuo vikuu vya huko walieleza mwaka 2023 kwamba lafudhi ya Kusini ilishika kilele kwa Wazungu waliozaliwa miaka ya baada ya vita, kisha ikashuka ghafla kwa kizazi kilichofuata. Nami kila wiki nasikia "naat" na "faav" vinatoka kinywani mwa mtoto aliyezaliwa kambini Tanzania.

Mmoja wao ni binti wa rafiki yangu wa kanisani. Walianzia Bowling Green, akamaliza shule huko, ndipo wakahamia kwetu. Binamu zake walio Phoenix humcheka kwenye kundi la familia la WhatsApp, wanamtumia sauti zake mwenyewe alizorekodi wakiziwekea vicheko. Alipoitwa usaili wa kazi ya kupokea simu katika kampuni moja ya fedha, mama yake akaniletea nimsaidie "kunyoosha Kiingereza". Alikaa pale kwenye kiti cha stoo akijaribu kusema namba yake ya simu kwa mdomo wa Ohio. Ina tisa tatu na tano mbili. "Nain," anasema, anatulia, "fai-v," kama mtu anayekanyaga barafu. Ilisikika uongo mtupu. Nikamwambia aache, aseme kama anavyosema kila siku, ila namba moja moja na kituo katikati, kwa sababu mteja anaandika.

Alipata kazi. Wiki ya kwanza tu msimamizi akamwita kumsifu: sauti yake ina upole, inapoza watu. Wakamhamishia meza ya wateja wenye hasira, wale waliokatwa fedha wasizozitambua na wanaopiga simu wakitukana tangu sekunde ya kwanza. Anaimudu vizuri sana, "I know, honey, let's see what they done to you," na mtu mzima aliyekuwa akifoka anaanza kusimulia habari za mke wake. Mara mbili ameomba kuhamia kitengo cha mikopo, ambako mshahara ni mkubwa na hakuna anayekutukana. Vyeti anavyo. Mara zote mbili amejibiwa kwamba sauti yake inafaa zaidi pale alipo.